Mwongozo kamili wa kuchora vichimbakazi wa maua kwa kufuata majira na imani za mimea ya Uingereza

Mchoro wa kichimbakazi wa ua huharibika pale mchoraji anapoanza na mtoto mwenye mbawa, kisha ndipo atafute ua la kumpachika kichwani. Anapata picha nzuri ya kadi, basi. Mwongozo huu unaanzia kwenye mmea: mwezi wake wa kuchanua, umbo lake hasa lilivyo, na yale ambayo watu wa vijijini waliyaamini juu yake. Kichimbakazi, yule kiumbe mdogo wa hadithi anayelinda ua lake, anakuja baadaye, na kila alichovaa kitoke kwenye mmea huo.

Njia hii ina mwalimu wake. Cicely Mary Barker alizaliwa Croydon, kusini mwa London, tarehe 28 Juni 1895. Utotoni aliugua kifafa, hivyo alisomea nyumbani, na baba yake akamwandikisha kwenye masomo ya uchoraji kwa njia ya posta. Baba huyo alifariki 1912. Dada mkubwa, Dorothy, akasaidia kulisha familia kwa kufundisha watoto wadogo, na baadaye akafungua chekechea katika nyumba yao wenyewe. Watoto wa chekechea hiyo ndio waliokaa mbele ya Cicely awachore. Kitabu chake cha kwanza cha vichimbakazi wa maua, cha majira ya kuchipua, kilitoka 1923, na mchapishaji alimlipa pauni 25 kwa picha 24 pamoja na mashairi yake. Cha majira ya joto kilifuata 1925, na cha majira ya kupukutika majani 1926.

Uingereza ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia ikiwa imefiwa sana, na watu walikuwa na kiu ya mambo kama haya. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Yorkshire, walipiga picha zilizoonyesha vichimbakazi kando ya kijito, na Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, akaziamini kiasi cha kuzichapisha kwenye jarida la The Strand Desemba 1920. Wenyewe walikuja kukiri miaka ya 1980, wakiwa wazee, kwamba walikata maumbo ya karatasi. Barker alikwenda njia nyingine. Katika kitabu chake cha maua ya kandokando ya njia, cha 1948, aliwaeleza wasomaji bila kificho kwamba mimea yote ameichora kwa uangalifu kutoka kwenye mimea halisi, lakini kichimbakazi hajapata kumwona. Hao ni wa kubuni. Sentensi hiyo naishika kama sheria ya kazi hii nzima: mmea uwe kweli tupu, ndipo ubunifu uwe na pa kusimama.

Vifaa

Karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, uso wake uwe laini, maana karatasi yenye chembechembe itakula mistari midogo ya mishipa ya jani. Penseli mbili, HB na 2H. Raba laini ya kufinyanga. Brashi za duara namba 1, 3 na 6. Wino wa kahawia usioyeyuka kwa maji na kalamu yenye ncha nyembamba. Rula. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, ambayo naona wachoraji wengi hawanunui kumbe ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko brashi ya bei. Rangi chache zinatosha: njano mbili (ya baridi na ya joto), nyekundu ya waridi, bluu ya ultramarini, bluu ya kobalti na sienna iliyochomwa, yaani kahawia inayoelekea wekundu.

Hatua ya 1: Acha kalenda ikuchagulie mmea

Uingereza ina majira manne, na kila mmea una zamu yake. Snodropu, Galanthus nivalis, hutoka Januari hadi Machi, mara nyingi theluji ikiwa bado chini. Primrozi, Primula vulgaris, hufuata Machi hadi Mei. Blubeli, Hyacinthoides non-scripta, huifunika sakafu ya msitu kuanzia katikati ya Aprili, kabla miti mikubwa haijafunga majani na kuziba jua. Mei ni ya hothoni, Crataegus monogyna, mti wa miiba unaopandwa kuwa wigo wa mashamba. Juni huleta maua ya elda, Sambucus nigra, mti mdogo wa kandokando ya mashamba, na ya foksglavu, Digitalis purpurea, yenye umbo la kengele. Kuanzia Agosti hadi Oktoba ni wakati wa blakiberi, Rubus fruticosus, kichaka cha miiba chenye matunda meusi. Aivi, Hedera helix, mmea unaopanda kuta na miti, hungoja Septemba ndipo ichanue, ikiwapa nyuki chakula cha mwisho kabla ya baridi. Holi, Ilex aquifolium, mti wenye majani ya miiba, hubeba matunda mekundu majira ya baridi yote kama ndege hawajayamaliza.

Chora kilichochanua wiki hii. Ukichora snodropu mwezi wa Julai kwa kukumbuka, utachora snodropu za kadi ulizowahi kuziona. Barker mwenyewe alipokosa mmea alisaidiwa na wafanyakazi wa Kew, bustani kubwa ya mimea ya London, waliomletea sampuli nyumbani.

Msomaji aliye Mombasa au Dodoma anaweza kufanya mazoezi kwa picha za sampuli kavu ambazo Kew imeziweka mtandaoni, ila ajue kuwa mmea uliobanwa hupoteza rangi na mkao. Ni afadhali achukue njia hii aitumie kwa mmea wa kwao, na imani za kwao. Mbuyu una wenyewe, kila mtu wa pwani amelisikia hilo. Hauhitaji kuazimwa imani ya Yorkshire.

Hatua ya 2: Kaa na mmea kabla ya kumfikiria kichimbakazi

Tenga asubuhi nzima. Kwenye daftari chora mmea mzima, ua kwa mbele, ua kwa ubavu, ua lililopasuliwa katikati, jani upande wa juu na upande wa chini. Pima kwa rula na uandike vipimo pembeni: urefu wa shina, upana wa ua, urefu wa petali. Vipimo hivi utavihitaji baadaye, si mapambo.

Chukua snodropu. Wengi huichora kama kengele yenye petali tano. Iinue taratibu kwa kidole uitazame kwa chini: ina vipande sita, vitatu vya nje virefu na vyeupe pe, vitatu vya ndani vifupi, kila cha ndani kikiwa na doa la kijani kwenye ncha yake, umbo la V iliyopinduliwa. Juu ya ua kuna kifundo cha kijani, ambacho ni ovari, na kikonyo chembamba mno kinachoshuka kutoka kwenye ala, lile jani dogo lililofunika chipukizi. Kikonyo hicho ndicho kinachoifanya iyumbe hata upepo ukiwa mdogo. Majani yake ni membamba, ya kijani kinachoelekea bluu.

Primrozi inataka lenzi. Chungulia katikati ya ua. Kwenye mmea mmoja utaona kitufe kidogo cha kijani kimejaza tundu: hiyo ni stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, imesimama juu, na stameni, sehemu za kiume zenye chavua, zimejificha chini shingoni. Nenda kwenye mmea wa jirani, huenda ukakuta kinyume chake, stameni juu na stigma chini. Charles Darwin aliandika juu ya maumbo haya mawili mwaka 1862, akaonyesha kwamba yanasaidia chavua ya mmea mmoja ifike kwenye mwingine. Mmea mmoja hauwi na maumbo yote mawili, kwa hiyo ukichora shada la primrozi kutoka shina moja, katikati ya maua yote pafanane.

Blubeli ina mtego. Ile ya asili ya Uingereza huinamisha kichwa, maua yakining'inia upande mmoja wa shina, kengele nyembamba zenye ncha zilizojikunja nyuma, na chavua yake ni nyeupe ya maziwa. Ile ya Hispania, iliyoletwa kwa ajili ya bustani na sasa imesambaa, husimama wima, maua pande zote, kengele pana, na chavua yake mara nyingi ni ya bluu. Zimezaliana pia, kwa hiyo zilizo karibu na nyumba za watu mara nyingi ni chotara. Kwa mchoro wa imani za msituni, nenda kwenye msitu mkongwe ukatafute ile inayoinama.

Kuna mambo mawili ya tahadhari hapa. Sheria ya Wanyamapori na Mashamba ya 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Kaa chini uchore palepale. Na foksglavu ni sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Tunguu la snodropu na matunda ya holi navyo havifai kuliwa. Nawa mikono, na usimpe mtoto shina lolote ashike kabla hujalijua.

Hatua ya 3: Kusanya imani, kisha uzichambue

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo vitabu vya haraka hudanganya. Tenganisha vitu viwili. Kuna ile orodha ya karne ya 19 ya maana za maua, waridi kuwa mapenzi na kadhalika, ambayo kwa sehemu kubwa ilitungwa na waandishi wa mjini kwa ajili ya wanunuzi wa vitabu. Na kuna imani za watu waliokata kuni, waliofuga kuku na kuzika wafu wao, imani zilizowaambia fanya hivi, usifanye vile. Mchoro unataka hizi za pili, kwa sababu ndani yake kuna kitendo.

Kwa kila mmea andika kadi moja yenye majibu ya maswali manne. Imani inasema nini? Ilisikika wapi? Watu walifanya nini kwa sababu yake? Na mmea wenyewe una nini kinachoweza kuwa kimeizaa?

Hothoni ni mfano mzuri wa kadi iliyojaa. Imani: kuleta maua yake ndani ya nyumba ni kuita kifo. Ilienea Uingereza nzima, na watu waliacha matawi nje, hata pale walipoyatumia kupamba milango siku ya kwanza ya Mei. Kwa nini? Maua ya hothoni hutoa trimethilamini, kemikali ileile inayotoka kwenye nyama inapoanza kuoza. Zamani maiti ilikaa nyumbani siku kadhaa kabla ya maziko, kwa hiyo harufu hiyo kila mtu aliijua. Na kuna jambo la kalenda: Uingereza ilipobadili kalenda mwaka 1752 iliruka siku 11, ndiyo maana siku hizi hothoni mara nyingi haijachanua tarehe 1 Mei, ilhali nyimbo na desturi za siku hiyo zinaitaja kana kwamba imechanua tayari.

Ukivuka bahari hadi Ireland, hothoni iliyosimama peke yake katikati ya shamba ni mali ya vichimbakazi, na anayeikata anajitafutia balaa. Hilo halikuishia zamani. Mwaka 1999 kichaka kimoja cha Latoon, katika jimbo la Clare, kilikuwa kwenye njia ya barabara kuu iliyokuwa ikijengwa. Msimuliaji wa hadithi Eddie Lenihan akasimama kukitetea, na wahandisi wakakiacha. Barabara ikapita pembeni yake.

Elda nayo ina mwenyewe. Katika Lincolnshire aliitwa Bibi Kizee, na kabla ya kukata tawi mtu alitakiwa aombe, akimwambia bibi ampe mti wake, naye atampa wake siku atakapoota kuwa mti msituni. Nauona huo kuwa mkataba mzito kuliko ombi: mkataji anaahidi mwili wake. Elda hurudi kwa nguvu ikikatwa, hata tawi bichi lililochomekwa ardhini huota, na mti usiokufa ni rahisi kuamini una mtu ndani.

Primrozi ilihusu kuku. Idadi ya maua uliyoingiza nyumbani mwanzoni mwa majira ndiyo idadi ya vifaranga utakaopata, na 13 ilihesabiwa kuwa idadi ya mayai ya kulalia. Mtoto aliyeingia na ua moja tu alirudishwa nje. Hii ni imani ya wanawake, kwa kuwa pesa za mayai zilikuwa zao.

Snodropu ilipandwa sana kwenye makaburi ya makanisa na viwanja vya nyumba za watawa, ikahusishwa na sikukuu ya Mishumaa ya Bikira Maria, tarehe 2 Februari. Hata hivyo ua moja likiletwa ndani liliogopwa: jeupe, limeinama, linakaa karibu na ardhi, watu wakaliona limevaa sanda.

Blakiberi isichumwe baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba, au kwa wengine karibu 10 Oktoba kwa kufuata kalenda ya zamani, kwa sababu shetani alipotupwa kutoka mbinguni aliangukia kwenye miiba yake, na kila mwaka siku hiyo huitemea mate. Ukiionja ya Oktoba utaelewa: imelainika, ina maji, mara nyingine ina ukungu.

Foksglavu ilitajwa kuwa glavu na kofia za vichimbakazi, na wengine wakaiogopa kuileta ndani. Daktari William Withering aliichunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1785, ndipo tiba ya moyo ya digitali ikaingia kwenye maandishi ya kitabibu. Dozi na sumu zinakaribiana sana, na hofu ya watu ilikuwa na sababu.

Holi kwa kifupi: mti wote usikatwe, tawi tu, na la Krismasi lisiingie kabla ya mkesha. Matunda yako kwenye mti wa kike peke yake, na majani ya chini, yanayofikiwa na mifugo, huwa na miiba zaidi kuliko ya juu. Mchoraji akiweka jani laini na jani la miiba kwenye tawi moja hajakosea.

Hatua ya 4: Pima kichimbakazi kwa ua lake

Chora mmea kwa ukubwa wake halisi. Hii ndiyo kanuni inayofanya macho yaamini. Kisha amua urefu wa kichimbakazi. Sentimita 10 hufaa mimea mingi. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa vichwa vitano hivi, kwa hiyo kichwa cha kichimbakazi wako kitakuwa sentimita 2.

Sasa rudi kwenye vipimo vya daftari. Kengele ya foksglavu ina urefu wa sentimita 4 hadi 5. Ukimvalisha kichwani itamfunika hadi mabegani; kwa hiyo kofia ya foksglavu lazima iwe chipukizi, ua dogo la juu ya shina ambalo halijafunguka vizuri, na kengele iliyokomaa iwe sketi kutoka kiunoni hadi karibu na kifundo cha mguu. Madoa ya ndani ya kengele, yale yanayowaelekeza nyuki bambi, yataonekana pale tu sketi inapojikunja ukingoni. Ukiyachora kwa nje, mtaalamu wa mimea ataacha kukuamini palepale.

Kipande cha nje cha snodropu kina sentimita 2 hivi. Vitatu vyake vinatosha gauni fupi, na vile vya ndani vinachungulia chini vikiwa na pindo la kijani. Ua la hothoni lina sentimita 1 hadi 1.5 tu, kwa hiyo huwezi kumvika ua moja. Mpe kola ya maua matano, na ncha za stameni za waridi ziwe shanga. Shina la foksglavu linaweza kupita mita 1.5, na karatasi yako haina nafasi hiyo, basi kata: onyesha sehemu ya katikati, kengele zikiwa zimefunguka chini na vichipukizi juu, maana huchanua kuanzia chini kwenda juu.

Hatua ya 5: Mtoto, vazi na mbawa

Mkao hautungwi kichwani. Omba mtoto akae, mzazi akiwa ameridhia na yupo, na kaa naye dakika chache chache kwa mapumziko, kwa sababu mtoto aliyechoka huonekana kwenye mabega. Mkao ufuate mmea. Wa snodropu ainame, kidevu karibu na kifua. Wa foksglavu asimame wima, mkono mmoja juu. Wa aivi ashike kitu, apande.

Barker alishona mavazi halisi, akayafumua na kuyatumia tena, na mbawa akazitengeneza kwa vijiti na kitambaa chepesi kinachoonyesha. Fanya hivyo hivyo. Kipande cha shashi kilichofungwa kwenye waya mwembamba, kikabanwa katikati ya mabega ya mtoto, kitakufundisha jinsi ubawa unavyokatiza nyuma ya mkono na unavyotupa kivuli kwenye ngozi. Umbo la ubawa napenda nilichukue kwa mdudu anayelitembelea ua hilo: nyuki bambi kwa foksglavu, kipepeo wa njano wa limau kwa primrozi.

Watoto wa Barker walikuwa wa Croydon ya miaka ya 1920. Croydon ya leo ina watoto wa Kisomali, wa Kijamaika, wa Kihindi, na wa kwetu pia, nao hupita kwenye blubeli zilezile. Mchore aliye mbele yako.

Hatua ya 6: Imani iingie kama tendo

Toa ile kadi ya maswali manne na usome jibu la tatu, watu walifanya nini. Hapo ndipo mchoro unapopata kisa. Kichimbakazi wa elda ni bibi mzee, ameketi kwenye kisiki, kiganja wazi, akingoja aombwe. Wa primrozi anahesabu maua kwenye kikapu, na ganda la yai lililopasuka liko miguuni pake. Wa blakiberi anakula haraka, midomo imepakaa zambarau, jicho likiwa kwenye kitu kilicho nje ya picha. Wa hothoni amesimama kizingitini, nje, bila kuvuka.

Tendo moja linatosha. Chora michoro midogo sita au zaidi, ya ukubwa wa stempu, uone ni upi unaoeleweka bila maneno. Mmea uchukue walau nusu ya nafasi.

Hatua ya 7: Kuhamisha na kupaka rangi

Hamisha mchoro uliokamilika kwenye karatasi nzuri kwa kuubandika kwenye kioo cha dirisha, jua likipita, na kufuatisha kwa penseli ya 2H bila kukandamiza. Futa mpaka mistari ionekane kwa shida.

Ua jeupe halipakwi nyeupe. Acha karatasi yenyewe iwe weupe, na weka nyuma yake rangi ya kijani-kijivu iliyofifia ili ukingo ujitokeze. Vivuli vya petali vitoke kwenye ultramarini iliyochanganywa na sienna, maji mengi, na kila kivuli kianze na ukingo mmoja mkali na kimalizikie kwa brashi yenye maji matupu. Kijani kichanganye mwenyewe kwa njano na bluu. Jani la primrozi lina njano na mikunjo ambayo ni mabonde ya vivuli vidogo. La holi linang'aa, na mng'ao huo ni bluu ya anga juu ya kijani kizito, ukiachwa wazi tangu mwanzo.

Paka safu nyembamba, tatu hadi tano, na kila moja ikauke kabisa. Ngozi ya kahawia hupatikana vizuri kwa sienna iliyochomwa na ultramarini kidogo, safu ya kwanza ikiwa ya joto na nyepesi, na bluu ikiongezwa penye vivuli tu. Ukiharakisha kwa kuongeza nyeusi ngozi itakufa.

Mbawa ziwe za mwisho. Kwanza kamilisha kila kilicho nyuma yake, majani, shina, bega. Kisha pitisha safu moja ya bluu ya kobalti iliyo nyepesi sana, iache ikauke, na uchore mishipa kwa brashi namba 1. Wino wa kahawia utie mahali pachache, kope, vidole, ukingo wa jani lililo mbele, wala usizungushie picha nzima.

Hatua ya 8: Beti la kusindikiza

Barker aliambatanisha kila picha na shairi, na kichimbakazi mara nyingi ndiye msemaji. Kwa Kiswahili, utenzi unafaa sana: mishororo minne, mizani minane kila mmoja, vina vitatu vya kwanza vikifanana. Beti ibebe jambo moja la kweli la mmea na jambo moja la imani. Hili ni la snodropu:

Theluji haijatoka,
nami nimeshaamka,
kichwa changu nainika,
sinipeleke nyumbani.

Hatua ya 9: Nyuma ya mchoro, na mbele ya sheria

Nyuma ya karatasi andika kwa penseli jina la kitaalamu la mmea, mahali ulipouchora, tarehe, na imani uliyoitumia pamoja na eneo inakotoka. Miaka ikipita, maandishi hayo yatakuwa na thamani kwa anayefuatilia tarehe za kuchanua, na wewe hutachanganya imani ya Lincolnshire na ya Clare.

Kama unataka kuuza kazi zako, chora za kwako. Barker alifariki tarehe 16 Februari 1973, na nchini Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, kwa hiyo picha na mashairi yake yanalindwa hadi mwisho wa 2043. Kunakili picha yake nyumbani kwa mazoezi ni njia nzuri ya kujifunza jinsi alivyokunja petali kuwa vazi, ila nakala hiyo ibaki kwenye daftari. Imani zenyewe hazina mwenye hakimiliki, na snodropu pia; zitatoka tena Januari.